Elfu Sitini za Bernadetha

Bibi Ndelilio alikuwa hajashuka Moshi mjini kwa miaka mitatu. Tangu ile masika alipoteleza kwenye migomba akavunjika nyonga, dunia yake ilikuwa imeishia getini: kihamba chake cha migomba kuzunguka nyumba huku Machame, banda la ng'ombe, kanisani siku ambazo mguu ulikubali, na sauti za watoto wake kwenye simu. Godwin, mkubwa, yuko Dar es Salaam, ameajiriwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Elinipendo ni muuguzi Arusha. Hao ndio waliokaa wakashauriana, mama yao akiwa bado kitandani hospitali, wakamtafutia msichana wa kukaa naye.

Msichana mwenyewe ndiye Bernadetha, mtu wa Rombo, umri wake miaka ishirini na saba. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba, Violet, anayelelewa na bibi yake, mama wa Bernadetha, huko Mkuu, Rombo. Bernadetha hakuwa msemaji. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakamua, anapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, anarudi kupika uji, anafagia, anafua, anamkanda Bibi mguu kwa maji ya moto, kisha anachukua mundu na kamba kwenda kutafuta majani. Jioni anakamua tena. Bibi alizoea haya yote kama mtu anavyozoea bomba linalotoa maji.

Kwa kazi hiyo alilipwa elfu sitini kwa mwezi. Godwin alikuwa anazituma moja kwa moja kwenye simu ya Bernadetha, Bibi hazioni wala hazigusi, lakini alizijua, na kila zilipotajwa alitikisa kichwa. Yeye mwenyewe alipika miaka ishirini na sita katika jiko la shule ya bweni. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi mia moja na sabini, na kwa mshahara ule alivaa, alikula, alimsaidia mama yake, na baada ya mwaka akanunua bati za nyumba hii hii anayoishi. Elfu sitini! Enzi zile mwenye elfu sitini angeheshimiwa wilaya nzima.

Ndiyo maana siku moja mwezi wa Desemba, Bernadetha alipomaliza kumenya ndizi za mtori akabaki amekaa, mikono mapajani, Bibi alijua kuna neno linakuja, ila hakulitegemea lile.

"Bibi, nilikuwa naomba uniongelee kwa baba."

"Baba nani? Godwin? Kuna nini?"

"Mshahara, Bibi. Kama ataweza kuniongezea kidogo."

Bibi Ndelilio akamtazama kama mtu aliyeombwa kipande cha shamba. "Hapa unalala?"

"Ndiyo, Bibi."

"Unakula?"

"Nakula."

"Sabuni ya kufulia unanunua wewe?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa elfu sitini zote unazipeleka wapi? Mtu asiyelipa chumba, asiyenunua hata chumvi! Nyie wasichana wa siku hizi hela hamjui kuishika, inawapita vidoleni. Ningekuwa nazo mimi, mwisho wa mwezi ningekuonyesha chenji."

Bernadetha alikusanya maganda ya ndizi. Alichukua sufuria ya ndizi akaenda nayo jikoni. Usiku ule, kama kawaida, alimkanda Bibi mguu, taratibu vilevile.

*

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu ya katikati ya Januari. Alhamisi kabla ya hapo, Bernadetha akiwa anakata majani kule bondeni, mundu uliteleza kwenye jiwe ukamchana juu ya kifundo cha mguu. Majirani walimpeleka zahanati, akashonwa nyuzi saba, akaambiwa asikanyage kwa wiki nzima.

Ijumaa asubuhi Bibi alimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya mto, anatazama karatasi. Macho yalikuwa mekundu.

"Unaumwa sana?"

"Siyo mguu, Bibi. Violet anafungua shule Jumatatu. Baba alituma mshahara juzi, ulichelewa kwa ajili ya sikukuu. Nilitaka leo nishuke Moshi nimnunulie vitu nimpe konda wa basi la Rombo. Sasa sijui nitamtuma nani."

Bibi Ndelilio alisimama kwenye mlango, ameegemea fimbo yake. Mguu wake siku hizo ulikuwa umepata nafuu. Na kusema kweli kulikuwa na kitu kingine kinamwasha tangu Desemba: alitaka kumwonyesha huyu msichana jinsi hela inavyoshikwa.

"Nipe hiyo karatasi," alisema. "Naenda mimi."

"Bibi, utaweza?"

"Moshi nimeanza kushuka mama yako hajazaliwa. Nipe na hela. Na chenji nitakurudishia, utaona mwenyewe."

Bernadetha alitoa noti chini ya mto. Bibi akazihesabu, akazihesabu tena.

"Hizi ni hamsini na nane."

"Elfu mbili zimekatwa, Bibi. Za kutolea."

"Nani kakata?"

"Simu."

"Simu inakata mshahara wa mtu?"

"Kila mwezi, Bibi. Baba huwa anatuma sitini, ya kutolea haweki."

Bibi aliguna, akafunga zile noti kwenye ncha ya khanga. Hela yake ya maziwa, elfu kumi na tano, akaiweka kwenye leso tofauti, kwa ajili ya nauli. Akamwita Loveness, jirani wa ng'ambo ya mfereji, amwangalie mgonjwa na ng'ombe, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatoka.

*

Duka aliloingia kwanza lilikuwa karibu na stendi, limejaa sare za shule kutoka sakafuni hadi darini. Nyuma ya meza alikuwepo dada mmoja mwembamba, ambaye baadaye alimwambia anaitwa Rachel.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka viatu vyeusi vya mtoto wa miaka saba. Kipimo hiki hapa." Akatoa uzi ambao Bernadetha aliupima kwenye unyayo wa Violet mwezi wa nane.

Rachel akaunyoosha uzi juu ya soli, akachagua pea moja kubwa kidogo. "Mwezi wa nane mpaka leo mguu umeshakua, Bibi. Chukua hivi. Elfu ishirini na mbili."

Bibi Ndelilio alicheka. Alidhani ni utani wa kufungulia biashara. "Nane," akasema.

"Bibi, hata tajiri wangu hakuvipata kwa nane."

"Viatu vya mtoto? Hivi vina ngozi ya nini? Tisa, basi."

"Kwa ajili yako, Bibi, ishirini. Zaidi ya hapo nitakatwa mimi."

Bibi alitoka kwa hasira. Akaingia duka la pili, wakamwambia ishirini na tano. La tatu ishirini na mbili, na hawakumpa hata kiti. Mtu mmoja alimwelekeza soko la Memorial, kwenye mitumba, akamwambia vipo vya kumi na mbili, ila vyeusi vya shule mwezi huu wa kwanza vinagombaniwa na vimekwisha asubuhi. Nyonga ikaanza kumkumbusha umri wake. Akarudi kwa Rachel.

Rachel hakumcheka. Alimvutia benchi, akamletea maji kwenye kikombe. Bibi akafungua ncha ya khanga, akatoa elfu ishirini. Zikabaki thelathini na nane.

"Sweta?"

"Kumi na nne."

"Sketi?"

"Kumi, Bibi. Hiyo ni bei ya mwisho kweli."

Zikabaki kumi na nne. Daftari dazeni moja, elfu sita. Zikabaki nane. Bibi alikuwa hajafika hata nusu ya karatasi. Aliitazama ile orodha, halafu akayatazama yale mafungu mawili matatu juu ya meza, kama vile kuna mtu amemwibia akiwa amekaa pale pale, macho wazi.

"Mwanangu," alisema, "hili duka ni lako?"

"Hapana, Bibi. Nimeajiriwa tu."

"Wanakulipa ngapi?"

Swali kama hilo haliulizwi hivihivi, lakini mzee akiuliza, mtu hujibu. "Elfu mia na hamsini. Ndicho kima cha chini cha wafanyakazi wa dukani, na tajiri wangu hakipunguzi, namshukuru. Chumba nalipa arobaini kule Pasua. Nauli ya kuja na kurudi, chakula cha mchana, umeme, mtoto. Tarehe kumi na tano nakuwa naanza kukopa unga."

"Na mwanao amevaa viatu hivi?"

Rachel akatabasamu, akaanza kufunga mzigo. "Wa kwangu namvizia vya mtumba, Bibi. Hivi nauza tu."

Bibi aliitazama mikono yake ikifunga kamba. Mia na hamsini, na mwenye nazo hawezi kununua kiatu anachokiuza. Alianza kufikiri juu ya ile mia na sabini yake ya zamani. Kilo ya sukari ilikuwa bei gani siku zile? Shilingi moja na senti? Hakukumbuka vizuri. Alichokumbuka ni kwamba alipopokea mshahara aliingia dukani akatoka na kikapu kimejaa, na bado mfukoni kulikuwa na kitu. Miaka yote hii alikuwa anaikumbuka ile hela tu, kikapu alikisahau.

Kwenye orodha vilibaki shati, begi, sukari kilo mbili, mafuta ya kula lita moja, sabuni, na vidonge vya presha vya mama yake Bernadetha. Konda wa basi la Rombo alitaka elfu tatu kubeba mzigo. Zikabaki tano. Akanunua sukari kilo moja badala ya mbili, elfu tatu. Kwa elfu mbili iliyobaki akapata nusu mche wa sabuni. Ncha ya khanga ikawa tupu, akaifungua na kuifunga tena, kama mtu asiyeamini.

Vidonge vya presha alivinunua kwa hela yake ya maziwa. Hakufikiri mara mbili. Yeye mwenyewe anameza vidonge hivyohivyo kila asubuhi, Elinipendo anamletea kwenye kopo, na hakuwahi kuuliza vinauzwaje.

Alipokwisha kumkabidhi konda mzigo na namba ya simu ya kule Mkuu, alikaa kwenye ukingo wa duka akaisoma tena ile karatasi, toka juu hadi chini. Hapo ndipo alipogundua kitu kilichomkaa moyoni njia nzima ya kurudi. Kwenye orodha yote hakukuwa na kitu hata kimoja cha Bernadetha. Hata mafuta ya kupaka. Hata chupi.

*

"Nimekosa shati na begi," alisema alipofika, bado amesimama, fimbo mkononi. "Na mafuta. Na sukari ni kilo moja. Dawa ya mama yako nimepeleka."

Bernadetha alitazama chini. "Asante, Bibi. Shati atavaa la mwaka jana."

"Chenji hakuna."

"Najua, Bibi."

Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Akavuta kigoda, akakaa.

"Bernadetha. Ungepewa ngapi ungesema sawa?"

Msichana alinyanyua uso. Miaka miwili na nusu hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo. "Mia na ishirini," alisema polepole, halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akaendelea. "Sitaki kukudanganya, Bibi. Nilikuwa nimepata kazi. Gesti moja ya mjini, ya kufua mashuka. Mia na hamsini. Nilikuwa nianze Februari."

Bibi alihisi kama ardhi imeteleza tena. "Ulikuwa unaondoka?"

"Nilipiga hesabu. Chumba, chakula, nauli. Nikaona kote kitakachobaki ni kilekile. Ila kule, Bibi, jioni ningerudi chumbani kwangu nikafunga mlango. Na Jumapili ningekwenda Rombo kumwona mwanangu. Huku nimemwona mara nne tangu nije."

Nje ng'ombe alilia kudai majani. Hakuna aliyeinuka.

Jioni ile Bibi Ndelilio alimpigia simu Godwin. Alimweleza habari ya viatu, sweta, simu inayokata mshahara, yote. Godwin alisikiliza. Alikuwa kijana mwema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mama, mimi simwonei. Nimesoma mwenyewe kwenye gazeti, msaidizi wa ndani anayelala kwa mwajiri kima chake cha chini ni elfu sitini. Nalipa sitini. Hatujavunja sheria."

"Sheria imesema usilipe chini ya hapo. Imekukataza kulipa juu?"

"Mama, hata kwangu bei zimepanda. Ada za watoto, kodi ya nyumba, mkopo unakatwa kabla sijauona mshahara. Na kwenu huko natuma ya umeme, ya pumba za ng'ombe…"

"Najua, mwanangu. Sikulaumu." Na kweli hakumlaumu. "Ila mimi leo nimeibeba hiyo elfu sitini mkononi. Nimetembea nayo. Imeishia kwenye nusu mche wa sabuni. Huyu binti ndiye anayeniogesha, Godwin. Nikianguka tena ndiye atakayeninyanyua. Wewe uko Dar, dada yako yuko Arusha. Mimi hapa ninaye yeye."

Godwin alisema atafikiria. Siku mbili hakupiga. Jumapili alipiga Elinipendo, akasema wameongea, kaka yake ataweka sitini na tano na yeye ataongeza kumi na tano, pamoja na ya kutolea. Themanini. Zaidi ya hapo hawawezi mwaka huu.

Bibi alikuwa ameshajua la kwake. Ng'ombe alikuwa wake, si wa watoto. Kila siku walipeleka kituoni lita tano. Alimwita Bernadetha, akamwambia lita moja ya kila siku itaandikwa kwa jina lake, na pesa yake ataichukua mwenyewe kituoni. Na kila Jumapili ya pili na ya nne aende kwao.

"Bado haifiki mia na ishirini," Bibi alisema. "Na ng'ombe akikaushwa kabla ya kuzaa, miezi miwili hakuna kitu. Nakwambia kabisa usije ukasema nilikuficha."

Bernadetha alifikiri. Hakupiga magoti, hakulia. Alihesabu kwa vidole chini ya khanga, Bibi akimwona. "Nitakaa mpaka Juni, Bibi," alisema. "Halafu tutaona."

"Haya. Tutaona."

*

Mabadiliko hayakuwa mepesi. Bila ile lita moja, leso ya Bibi ilipungua unene. Aliacha kununua maandazi ya Jumamosi. Alikwenda kwa mzee wa kanisa kupunguza ahadi yake ya sadaka ya mwaka, akiwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi, ingawa mzee wa watu hakumuuliza kitu. Na zile Jumapili mbili za mwezi ilibidi akamue mwenyewe, nyonga inalia, ng'ombe naye anamshangaa.

Mwezi wa Machi Loveness alivuka mfereji, akakaa kwenye benchi ya jikoni, bado na nguo zake za kazini. Alikuwa anatafuta msichana wa kumlelea mtoto. Alikuwa amepata mmoja wa elfu hamsini, wakakubaliana vizuri, mpaka yule msichana alipokutana na Bernadetha kituo cha maziwa.

"Sasa anataka mia, Mama Godwin. Anasema na kwa Bibi Ndelilio wanalipa hivyo. Unatupandishia bei ya wasichana kijiji kizima."

Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Sukari ilipopanda mwezi uliopita, ulikwenda kumgombeza nani?"

"Sukari ni sukari."

"Uliinunua?"

"Ningefanyaje? Chai itanyweka bila sukari?"

"Basi."

Loveness alikuwa mwalimu wa shule ya awali ya binafsi, na mshahara wake Bibi aliujua, haukuwa wa kujivunia. Alishika kichwa. "Mimi nitaitoa wapi hiyo mia, Mama Godwin? Nilipwe mia mbili na kidogo, nimpe yeye mia?"

Bibi alilitafuta jibu, vidole vikiwa vimesimama juu ya ungo. Mwishoni alisema tu, "Mlete mtoto hapa asubuhi, unapokwenda shule. Bernadetha na mimi tutamwangalia mpaka saa nane. Utampa Bernadetha kitu kidogo. Mwulize yeye kwanza, usiniulize mimi. Kazi ni yake."

Bernadetha alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, amesikia yote. Loveness akageuka kumtazama.

"Shilingi ngapi?" akauliza.

"Ngoja kwanza nikamue, mwalimu," Bernadetha alisema. "Halafu tukae tuongee."

Akaenda bandani. Bibi Ndelilio akamsogezea Loveness ungo wa maharage, wakachambua wawili, wakimngoja.